Kipimo cha Tsiala

Ilianzia goti la kushoto, msimu wa machenza,
mwaka ule mvua ya Guria ilipokataa kukatika
na baba akachuma ndani ya koti la plastiki hadi Krismasi.
Tsiala alikuwa na miaka saba. Alisema, "Kuna kitu kinatafuna."
Mama akamkanda kwa mafuta ya moto. "Mifupa inarefuka.
Lala."

Hakulala.
Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, wanasema.
Mimi nililala kitanda kimoja naye, mgongo kwa mgongo,
miaka minne,
na sikujua.
Nilivuta blanketi. Nilisema, "Acha kutikisa godoro,
kesho nina mtihani."

Tulikwenda Ozurgeti: damu yake ni safi.
Tulikwenda Batumi: picha yake ni safi.
Kutaisi walimwingiza kwenye bomba linalonguruma,
akatoka na karatasi nne, zote safi,
na baba, ambaye hajawahi kuulalamikia usafi,
alizikunja zikawa ndogo, ndogo zaidi,
mpaka zikaenea kwenye kiberiti.

Shangazi Eteri alileta nta na asali.
Kasisi alileta maji.
Mwalimu wa hesabu alileta neno: anadeka.
Neno hilo halikubisha hodi. Liliingia, likavuta kiti,
likala nasi maharagwe na mkate wa mahindi,
na usiku mmoja nililisikia likitoka
kinywani mwangu.

Tsiala aligeukia ukuta.
Tangu hapo akaumwa kimyakimya,
kama mtoto anayeiba sukari.

Februari tulimuuza Nikora, ng'ombe mwenye doa jeupe usoni.
Mama alimkamua asubuhi ile ile;
hakutaka mnunuzi apate hata kikombe.

Treni ya usiku. Tsiala alilala kwenye viti viwili,
baba akasimama hadi Tbilisi.
Binamu ya mama anakaa ghorofa ya nane,
na lifti ya kwao haipandi mpaka uilishe sarafu.
Baba alibadilisha noti nzima,
mifuko yake ikawa inalia kama njuga.

Daktari Lamzira alikuwa na mafua.
Ukutani kwake zilikuwapo nyuso zile zile,
kutoka sifuri inayocheka hadi kumi inayolia.
Tsiala alikwisha kuziona katika miji mitatu.
Kila mara alisema tano,
kwa adabu.
Daktari alipenga kamasi, akaibandua ile karatasi.
"Hizi si sura zako. Inauma kama nini?"

Tsiala alimtazama mama. Kisha mimi.
"Asubuhi ni mlango wa zizi usiofunga vizuri.
Mchana ni ndoo, mtu anaijaza polepole.
Usiku ni Nikora, amenikanyaga,
hajui kwamba amenikanyaga,
na siwezi kumsukuma
kwa sababu dada amelala."

Kalamu iliandika yote. Hata zizi.
"Sikuahidi kuyaondoa," daktari alisema.
"Nakuahidi sitakuuliza kama yapo."

Jioni ile baba aliilisha lifti sarafu
na hakuna aliyebonyeza kitufe.
Tulisimama tu humo, wanne, mlango umefungwa,
baba ameifunika kofia usoni.

Sasa kuna vidonge vidogo, na mazoezi anayoyachukia,
na chupa ya maji ya moto yenye kifuniko kinachovuja.
Kuna wiki haendi shule. Mwalimu bado ana neno lake.
Mimi usiku nauliza, "Leo ni nani?"
"Mlango."
Au, "Ng'ombe," na hapo nawasha taa,
tunacheza karata mpaka jogoo wa jirani akosee saa.

Jana alisema, "Ndoo. Lakini imetoboka."
Sikujua kama hiyo ni habari njema.
Nilisogea,
nikamwachia upande wenye joto.